Usaili wa Kazi ya Programu Ukiwa Bado Chuoni: Namna ya Kujiandaa na Kuupitia

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sayansi ya kompyuta au uhandisi wa programu hukutana na usaili wake wa kwanza katika kipindi kigumu kuliko vyote. Mradi wa kuhitimu haujakamilika, mitihani imekaribia, na tangazo la kampuni inayokuja chuoni kutafuta waandishi wa programu limetumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa zikiwa zimebaki siku 4 tu za kupokea maombi. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa mjumbe wa majopo ya usaili wa namna hiyo jijini Dar es Salaam, na kabla ya hapo nilikaa kwenye kiti cha msailiwa nikashindwa mara mbili. Nilichojifunza katika viti vyote viwili ni kwamba wengi wanaokataliwa hawakosi maarifa. Walichokijua kilibaki kichwani, na jopo likaondoka bila kukisikia. Kwa sababu hiyo nitapita haraka kwenye hatua nyingine na kukaa zaidi kwenye usaili wa kiufundi, maana huko ndiko vijana wenye uwezo wanakopotelea.

Mchakato wenyewe kwa kawaida una hatua nne au tano: maombi na mchujo wa wasifu, jaribio la mtandaoni, usaili wa kiufundi wa mara moja au zaidi, mazungumzo na idara ya rasilimali watu, na hatimaye barua ya ajira. Kampuni ndogo huzikunja hatua hizi zikaisha katika alasiri moja, ilhali vituo vikubwa vya kimataifa, kama kile ambacho Microsoft ilikifungua Nairobi mwaka 2019, huwa na raundi kadhaa zinazochukua wiki nyingi. Ulizia mapema, kwa barua pepe fupi yenye heshima, hatua zipo ngapi, kila moja ina muda gani, na mazungumzo yatafanyika kwa lugha gani. Mwombaji hapotezi chochote kwa kuuliza hayo, na jibu lake litakuonyesha nguvu zako uzielekeze wapi.

Wasifu wa mwanafunzi uwe wa ukurasa mmoja. Miradi itangulie, kwa sababu uzoefu wa kazi bado huna na shule ya msingi uliyosoma haimsaidii mtu anayetafuta mwandishi wa programu. Wastani wako wa ufaulu uandike kama umefikia 3.5, yaani daraja la pili la juu kwa kipimo cha vyuo vya Tanzania kinachoishia 5.0, kwa kuwa wapo waajiri wanaoutumia kama mstari wa mchujo. Ukiwa chini ya hapo, uandike pale tu tangazo linapoutaka, lakini ukiulizwa useme kweli, maana matokeo yako wataomba kuyaona. Usiorodheshe lugha kumi za programu kwa sababu tu ulizipitia darasani. Kila neno ulilolitia kwenye wasifu ni swali ambalo umelikaribisha, na nimeona vijana wakitokwa na jasho kwa swali jepesi kabisa kuhusu lugha ambayo wao wenyewe ndio walioitaja.

Maelezo ya mradi ndiyo yanayostahili muda wako. Sentensi kama “Nilishiriki kutengeneza mfumo wa usimamizi wa zahanati” haisemi lolote, kwani hatujui ulishiriki kwa kuandika msimbo au kwa kuchapa ripoti. Linganisha na hii: “Niliandika sehemu inayopokea malipo ya wagonjwa kwa simu na kuyalinganisha na risiti za zahanati, kwa kutumia Django na PostgreSQL, wahudumu 3 waliijaribu kwa wiki 2.” Msomaji wa pili anajua la kukuuliza, na litakuwa swali ambalo jibu lake unalo. Kama msimbo wako upo GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha msimbo, hakikisha una ukurasa wa maelezo unaomwezesha mgeni kuiendesha programu, na uondoe nywila zilizosahaulika ndani yake. Zikishawahi kupandishwa, zibadilishe kabisa, kwa kuwa kumbukumbu za mabadiliko huzihifadhi hata baada ya kuzifuta. Mimi huufungua ukurasa huo kila mara kabla ya kumwita mtu, na siko peke yangu.

Neno moja kuhusu fildi. Wiki zako za mafunzo kwa vitendo ni usaili mrefu ambao hakuna anayeuita usaili, na wengi huajiriwa palepale walipofanyia. Bahati mbaya ni kwamba wanafunzi wengi hupangiwa kuvuta nyaya na kufunga printa hadi muda unakwisha. Ukikuta hali hiyo, mwendee msimamizi wako katika wiki ya kwanza, umwombe kazi moja ndogo ya kuandika programu iliyo yako mwanzo hadi mwisho, hata kama ni kijiprogramu cha kupanga ripoti za mwezi.

Jaribio la mtandaoni huwa la dakika 60 hadi 90, lenye maswali mawili au matatu yanayosahihishwa na mashine kwa mifano ambayo huoneshwi. Soma maswali yote kabla ya kuanza, uanze na lile unaloliona jepesi. Andika kwanza suluhisho la kawaida linalotoa jibu sahihi, liwasilishe, kisha ndipo uliharakishe, kwa kuwa mifumo mingi hutoa alama kwa kila mfano uliofaulu. Angalia pia ukubwa wa data uliotajwa kwenye swali, maana huo ni kidokezo: ukiambiwa orodha inaweza kufikia vitu 100,000, kitanzi ndani ya kitanzi, yaani kuipitia orodha nzima upya kwa kila kitu kilichomo, kitahitaji hatua karibu bilioni 10, na muda uliowekwa hautatosha. Kabla ya kuwasilisha, jaribu orodha tupu, orodha ya kitu kimoja, orodha ambayo vitu vyake vyote vinafanana, na namba kubwa kuliko zote zinazoruhusiwa.

Jaribio langu la kwanza nililifanyia chumbani nilikopanga, na umeme ulikatika dakika ya 40. Kompyuta ilikuwa ya zamani, betri yake haikushika hata dakika tano, na niliporudi mtandaoni muda ulikuwa umekwisha. Tangu hapo nimemshauri kila mwanafunzi afanyie jaribio kwenye maabara ya chuo yenye jenereta. Na kama ni lazima afanyie nyumbani, basi ahakikishe Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, ina uniti za kutosha, kompyuta mpakato imejaa chaji, na simu ina bando la kutosha kugawa intaneti endapo Wi-Fi itakatika. Ikitokea hitilafu, piga picha ya skrini, uandike barua pepe saa hiyohiyo ukitaja saa na dakika tatizo lilipoanza. Mwajiri akipata taarifa ya papo hapo huweza kukupa nafasi ya pili. Anayelalamika baada ya matokeo kutoka hana wa kumsikiliza. Na kama masharti yanakataza kusaidiwa na mtu au na akili bandia, yafuate, kwa sababu katika raundi inayofuata utawekewa msimbo uleule mezani na kuombwa ueleze kila mstari.

Sasa tufike kwenye usaili wa kiufundi. Swali ambalo nimelitumia mara nyingi ni hili: una orodha ya miamala 100,000 ya siku moja ya huduma ya fedha kwa simu, kila muamala una namba yake ya kumbukumbu, nawe unatakiwa utoe namba zote zilizojirudia. Ni swali la kawaida, lisilo na mtego. Kijana mmoja alilisoma, akainama, akaandika kwa dakika sita bila kutamka neno, kisha akafuta nusu ya alichoandika na kuanza upya. Sisi watatu tulikaa tukimtazama. Huenda kichwani mwake kulikuwa na mawazo mazuri sana, lakini kwenye fomu ya tathmini hatukuwa na la kuandika. Binti aliyemfuata alilisoma swali lilelile, akaweka kalamu chini.

“Samahani, naomba kuuliza kwanza. Orodha hii imepangwa kwa mfuatano wowote?”

“Haijapangwa.”

“Na namba moja inaweza kujirudia zaidi ya mara mbili?”

“Inaweza.”

“Basi kwenye majibu niitaje mara moja tu, au kila inapojirudia?”

“Mara moja inatosha, dada.”

Maswali hayo matatu hayakumaliza hata dakika moja, na tayari yalikuwa yameonyesha kwamba anajua tofauti kati ya swali lililoandikwa na kazi inayotakiwa. Kisha akasema kwa sauti njia ya kwanza iliyomjia, ya kulinganisha kila namba na nyingine zote, na hakuificha hasara yake: kwa miamala 100,000 ni ulinganisho karibu bilioni 5. Akaendelea kusema kwamba anaweza kupita kwenye orodha mara moja tu, akiwa na seti ya namba alizokwisha kuziona na seti nyingine ya zilizojirudia. Kila namba anayoikuta anaiuliza seti ya kwanza, ikiwemo anaitia katika ya pili. Akaongeza kwamba kasi hiyo inalipiwa kwa kumbukumbu ya kompyuta, kwa kuwa seti nayo inahitaji nafasi. Hapo mwenzangu akamuuliza ingekuwaje kama miamala ni mingi kiasi cha kutoenea kwenye kumbukumbu. Alinyamaza kidogo, akasema: “Sijawahi kufanya hivyo, lakini ningejaribu kuigawa kwenye mafaili kumi kwa tarakimu ya mwisho. Namba zinazofanana zitaangukia faili moja, kisha nishughulikie faili moja moja.” Kwa mwanafunzi, jibu hilo lilitosha kabisa.

Yule kijana sikuamini wakati ule, na siamini leo, kwamba alikuwa na akili pungufu. Wengi wetu tumelelewa kwamba mdogo mbele ya wakubwa husema machache, na kwamba kumuuliza mkubwa swali juu ya swali lake ni kama kumpinga. Nyumbani hiyo ni adabu nzuri. Katika chumba cha usaili wa programu, wakubwa hao wamekuja kusikia jinsi unavyofikiri, na ukimya unawanyima kile walichokifuata. Wasalimie kwa heshima zote, itika vizuri, kaa unapoelekezwa; lakini swali likishawekwa mezani, heshima kubwa unayoweza kuwapa ni kuwafungulia mawazo yako, hata yale ambayo hujayakamilisha.

Jambo la pili ni lugha. Vipindi ni vya Kiingereza na usaili mara nyingi ni wa Kiingereza, lakini hosteli, usiku, tunapoelezana kwa nini programu imegoma, tunaongea Kiswahili. Mwanafunzi anaingia kwenye usaili akiwa hajawahi kutumia Kiingereza kwa kazi ile hasa anayotakiwa kuifanya, yaani kufikiri kwa sauti. Tiba yake ni mazoezi ya makusudi. Chukua swali moja, ulitatue kwenye karatasi, kisha mweleze mwenzako wa chumbani kwa Kiswahili mpaka aweze kukurudishia maelezo yako bila kukosea. Palipokwama Kiswahili, hapo hujaelewa, rudi ukasome. Kikishanyooka, eleza jambo lilelile kwa Kiingereza, siku hiyohiyo. Na kama neno limekupotea ukiwa mbele ya jopo ambalo wote wanaelewa Kiswahili, omba ruhusa: “Naomba nieleze kwa Kiswahili, kisha nirudi kwenye Kiingereza.” Katika majopo niliyokaa, sijaona mtu akipunguziwa alama kwa hilo. Jopo lenye wageni wasiojua Kiswahili ni habari nyingine, na ndiyo maana nilisema uulizie lugha mapema.

Kuhusu cha kusoma, nitakuwa mkweli kuliko miongozo mingi. Wiki sita za swali moja kwa siku, kwa karatasi na kalamu, mwenzako akiwa msaili na saa ikihesabu dakika 30, zinatosha kumweka mtu mahali pazuri. Pitia njia za kuhifadhi data kwenye programu, yaani orodha na maandishi, seti na kamusi, foleni na rundo, na miti, kisha kupanga na kutafuta. Ujue kwa nini kutafuta kwa kugawa nusu katika orodha iliyopangwa yenye vitu 1,000,000 hakuzidi hatua 20. Halafu usiishie hapo, kwa sababu katika kampuni za kwetu, ambazo nyingi zinaendesha malipo, mikopo, bima na usafirishaji, maswali ya kanzidata ni mengi kuliko vitendawili vya algorithimu, na wanafunzi huyadharau.

Mfano mmoja uutazame kwa karibu. Kuna jedwali la wateja na jedwali la malipo, na unaombwa kutoa wateja ambao hawakulipa chochote mwezi Machi. Wengi hukumbuka kwamba katika SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, inahitajika LEFT JOIN, amri inayounganisha majedwali mawili na kubakiza kila mstari wa la kwanza, ili wateja wasio na malipo wasidondoke, kisha wakaangalia ni wapi upande wa malipo umebaki mtupu. Hadi hapo ni sahihi. Kosa linakuja pale wanapoweka sharti la tarehe za Machi kwenye WHERE, sehemu inayochuja matokeo baada ya kuunganisha: mteja asiye na malipo hana tarehe yoyote, kwa hiyo sharti hilo linamfuta yeye hasa tuliyekuwa tunamtafuta, na jibu linarudi tupu. Sharti la tarehe linakaa kwenye ON, pamoja na kiungo cha majedwali, na WHERE inabaki na kazi ya kuchagua waliokosa malipo. Anayeweza kueleza hili kwa utulivu, akichora wateja watatu na malipo mawili ubaoni, ameonyesha kwamba amewahi kufanya kazi na data halisi.

Ukimaliza kuandika msimbo, usiseme “nimemaliza”. Chukua mfano mdogo, upite nao mstari kwa mstari kwa sauti, ukiandika pembeni thamani ya kila kigezo inavyobadilika. Usione aibu kwamba utagundua kosa mbele ya watu. Mwaka 2006 Joshua Bloch alieleza hadharani kosa lililokuwa kwenye maktaba ya lugha ya programu ya Java, katika msimbo wa kutafuta kwa kugawa nusu aliouandika yeye mwenyewe: kujumlisha namba za nafasi za ncha mbili kabla ya kugawa kwa 2 kulipitiliza kikomo cha namba kamili, 2,147,483,647, orodha ilipokuwa kubwa mno, na kosa hilo lilikuwa limekaa humo takribani miaka 9. Anayelitafuta kosa lake kabla hajaulizwa hupata alama, hata asipolipata.

Ukikwama, sema umekwama wapi. “Najua nahitaji kukumbuka namba nilizopita, ila sijapata namna ya kuzitafuta haraka” ni sentensi inayomwezesha msaili kukupa kidokezo, na kukipokea kidokezo vizuri ni sehemu ya tathmini, kwa kuwa kazini nako utasaidiwa kila siku. Usibuni jibu. Jopo la watu wanaofanya kazi hiyo kila siku hulitambua jibu la kubuni mapema, na kuanzia hapo hata majibu yako ya kweli yanatiliwa shaka.

Maswali ya mradi yana mtego wake, nao umo katika herufi mbili, “tu”. Mradi wa kuhitimu mara nyingi ni wa kikundi, na mwanafunzi husema “tulifanya” kuanzia mwanzo hadi mwisho, ama kwa unyenyekevu, ama kwa kujificha. Jopo haliwezi kutofautisha. Sema “tulikuwa wanne, mimi niliandika sehemu hii”, uwape wenzako sifa zao kwa sehemu zao, kisha uzame kwenye yako. Jiandae kueleza kwa nini ulichagua kanzidata hiyo, ni kitu gani kiliharibika, ulikigunduaje, na ni kitu gani kingezidiwa kwanza kama watumiaji 10,000 wangeingia kwa wakati mmoja.

Mazungumzo na idara ya rasilimali watu ni mafupi zaidi, na yanahitaji ukweli tu na maandalizi kidogo. Kuhusu mshahara, waulize wahitimu wa mwaka jana na juzi kabla ya kwenda, ili utaje kiwango chenye msingi. Wewe pia uwe na maswali yako: nani atakuwa anaukagua msimbo wangu, mabadiliko huchukua muda gani kuwafikia watumiaji, na mgeni hufundishwaje katika miezi ya mwanzo. Na yeyote anayekutaka ulipe fedha, iwe ya fomu, ya mafunzo au ya “kufungua faili”, achana naye hapohapo.

Ukikosa, jioni ileile andika maswali yote unayoyakumbuka, ulitatue lile lililokushinda kabla hujalala, na uwaandikie kuwashukuru na kuuliza kama wanaweza kukueleza ulipopungukiwa. Baadhi hujibu.

Ukipata, usitie sahihi siku hiyo. Omba siku mbili au tatu za kusoma mkataba, na uanze na mshahara, kwa sababu kinachotajwa kwa kawaida ni kabla ya makato. Kwa viwango vilivyotumika Tanzania mwaka 2024, mshahara wa shilingi 1,200,000 unakatwa 120,000 za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Kodi ya mapato inatozwa kwenye 1,080,000 zilizobaki, nayo ni 152,000. Na kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara, yaani 180,000, inaondoka kila mwezi. Mkononi unapata 748,000, na kodi ya chumba na nauli vinatoka humo. Kisha soma muda wa majaribio, muda wa notisi, na kifungu kinachosema nani anamiliki programu utakazoandika nje ya saa za kazi. Tazama pia kama kuna sharti la kurudisha gharama za mafunzo ukiondoka kabla ya muda fulani, ni kiasi gani na kwa miezi mingapi. Usichokielewa kiulize kwa barua pepe, hata kama mmeshaongea kwa simu, ili jibu lao libaki kwenye maandishi.